Protini Isiyo na Kazi

Winfrida alizaliwa Mwika, kwenye kihamba cha kahawa na migomba, akasoma mpaka ng'ambo, kisha akarudi Moshi kufanya kazi ambayo mama yake, Yuditha, aliwaeleza majirani hivi: "Anatafuta mahali pa kumpiga mdudu wa malaria." Wako wasomi wanaoieleza vibaya zaidi.

Katika taasisi iliyomwajiri, mahali penyewe palikuwa pameshapatikana. Mkuu wa maabara, Profesa Aminieli, alikuwa amegundua protini moja ndani ya kimelea cha malaria na kutangaza kwamba kimelea hakiwezi kuishi bila hiyo. Kemikali waliyokuwa nayo, alisema, inaua vimelea kwa kuizuia protini hiyo. Ushahidi ulikuwa mzito: viwili hivyo vilishikamana kwenye kichupa, na Profesa alikwisha kulisema jambo hilo Geneva. Lililosemwa Geneva, nani wa kulipinga Moshi?

"Wewe thibitisha tu, Winfrida," alimwambia. "Ni utaratibu."

Njia haikuwa ya ajabu. Unaizima jeni inayotengeneza protini, halafu unaangalia. Kimelea kikifa, protini ilikuwa ya lazima.

Winfrida akaizima. Vimelea vikanawiri. Vikazaliana kwenye damu kana kwamba vimetuliwa mzigo.

"Hukuizima vizuri," alisema Profesa. Winfrida akamwonyesha kwamba protini imetoweka kabisa. Basi damu ilikuwa mbovu. Damu ikabadilishwa. Basi vimelea vyenyewe havikuwa vya kawaida. Vikaletwa vingine, navyo vikanenepa. Kilichobaki kulaumiwa kilikuwa theluji ya Kibo.

Wakati huohuo redio moja ya mjini ilimhoji Profesa kuhusu ugunduzi wake, na Jumapili iliyofuata Winfrida alipopanda kwao alikuta wanawake wa usharika wameshapika kiburu, ndizi na maharage, kwa ajili yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mzee wa kanisa ametangaza kwamba umepata dawa ya malaria. Wanataka usimame useme neno."

"Mama, dawa haipo."

"Haipo namna gani, na watu wameshakula?"

Winfrida akasimama. Akawaambia kwamba walidhani wamepata mahali pa kumpiga mdudu, wakampiga hapo, na mdudu hakuhisi chochote. Walimpigia makofi ya heshima, kama yale inayopigiwa timu iliyofungwa nyumbani. Kwaya, iliyokuwa imejiandaa, ikaimba hivyo hivyo. Mama yake alitazama chini mpaka wimbo ulipokwisha.

Aibu ile ilimkaa rohoni wiki nzima. Lakini kuna jambo lilimkaa zaidi: kemikali bado ilikuwa inaua vimelea. Kama haiui kwa kupitia protini ya Profesa, inaua kwa kupitia nini? Alimwomba Profesa ruhusa ya kutafuta, akapewa kwa sharti moja la kisayansi: asimwambie mtu.

Akavilea vimelea ndani ya kemikali hiyo, kidogo kidogo, miezi kadhaa. Vingi vilikufa, vichache vikazoea na kugoma kufa. Aliposoma jeni za vile vilivyogoma, akakuta badiliko linalojirudia mahali pamoja, kwenye jeni ya kimeng'enya ambacho hakuna aliyewahi kukisafiria Geneva. Akaliweka badiliko hilo kwenye vimelea ambavyo havijawahi kuonja kemikali. Navyo vikagoma. Mwisho akaizima jeni hiyo kwenye vimelea vingine.

Vikafa vyote. Winfrida alivitazama kwenye hadubini kwa mapenzi ambayo hakuna mchumba aliyewahi kuyapata kwake.

Wageni wa mradi walipokuja, Profesa alionyesha matokeo hayo mwenyewe. "Kama nilivyohisi tangu mwanzo," alianza, "shabaha yetu ni kimeng'enya hiki."

Winfrida akanyoosha mkono. "Ulihisi lini, Prof?"

Mgeni mmoja alikunywa maji kwa muda mrefu sana.

Baadaye Profesa alimwita ofisini. "Ulilazimika kuniuliza mbele za watu?"

"Naandika makala, Prof. Nilihitaji tarehe."

Profesa hakucheka, ila alikubali jina la Winfrida litangulie kwenye makala, na katika taasisi ile hilo lilihesabiwa kuwa muujiza. Kwa upande wa dawa, bado iko mbali. Kupata mahali pa kupiga si kupiga. Yuditha naye siku hizi akiulizwa na majirani hujibu kwamba wamehamia kwa mdudu mwingine, na Winfrida ameacha kumsahihisha.

Ugomvi uliobaki ulikuwa wa aya moja tu ya makala, ile iliyosema wazi kwamba protini ya zamani haikuwa ya lazima. Profesa aliifuta. Winfrida akairudisha. Profesa akaifuta tena, ikarudishwa tena, mpaka mmoja wao akachoka, naye alikuwa yule mwenye umri mkubwa.