Mhariri aliyetaka kujua funguo za Old Moshi zinakaa wapi

Wakuu, salaam kwenu popote mlipo.

Naandika nikiwa gesti moja hapa Mpanda. Mvua inanyesha tangu jana mchana, gari nililopaswa kupanda halijafika, nami sina pa kwenda. Haya nitakayoyasema yalinipata mwenyewe. Sitatia chumvi. Niliwahi kutia chumvi kidogo kwenye maandishi yangu, na mtaona ilifika wapi.

Aliyenifanya nifungue uzi huu ni mpwa wangu. Jana kanitumia tangazo kwenye simu: wanahitajika waandishi wa habari chipukizi, uzoefu si lazima, unafanyia kazi nyumbani, tuma vyeti leo kwani nafasi zinajaa. Akaniuliza, "Anko, nitume?"

Nikamwambia asubiri kwanza.

Kisha nikalala chali nasikiliza bati, nikajikuta niko kwetu Old Moshi, mteremkoni mwa Kilimanjaro, nina miaka ishirini.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Nimemaliza kidato cha nne, matokeo ya kawaida, niko nyumbani na mama. Bei ya kahawa ilikuwa imeshuka mpaka watu wengine wanang'oa mibuni waliyopanda babu zao. Kazi yangu ilikuwa kukata majani ya ng'ombe. Asubuhi ukungu unashuka mpaka kwenye migomba, husikii kitu ila maji ya mfongo yakipita, ule mfereji wetu wa kunyweshea mashamba, na mtu akikohoa mbali usiyemwona.

Kwenye ukungu ule mimi nilikuwa mwandishi wa habari.

Msicheke, wakuu. Nikiwa na mzigo wa majani kichwani nilikuwa naripoti kimoyomoyo. "Kutoka hapa Old Moshi, wananchi wameamka na hali ya ubaridi." Nilijifunza sauti ile kwenye redio ya marehemu baba. Daftari sikuliacha hata nikienda zizini.

Siku za soko nilikuwa nashuka Moshi mjini na mkungu wa ndizi wa mama. Nikishamaliza kuuza, naingia intaneti kafe. Kompyuta zilikuwa sita, feni moja. Picha ilikuwa inafunguka kutoka juu kwenda chini, taratibu, kama mtu anashusha pazia. Dirishani, siku mawingu yakiruhusu, Kibo, kilele cha mlima wetu, nayo ilikuwa inafunguka hivyo hivyo, juu kwanza. Nilikuwa nasahau nimekuja kufanya nini.

Mhudumu wa pale alikuwa dada mmoja anaitwa Zainabu.

"Mangi, zimebaki dakika tano," alikuwa ananiambia, maana mjini kila Mchaga huitwa hivyo, "na wewe bado uko kwenye picha ya kwanza."

Ndipo siku moja nikaliona tangazo. Shirika la habari la kimataifa linatafuta waripoti chipukizi mikoa ya kaskazini. Uzoefu si lazima. Ukifaulu majaribio unapewa kamera na kitambulisho cha mwandishi chenye picha yako.

Wakuu, kitambulisho. Hicho ndicho kilichonimaliza. Nilikiona shingoni mwangu kabla sijaandika barua.

Jibu lilikuja kabla muda wangu wa kompyuta haujaisha. Limeandikwa na mtu aliyejiita Bwana Richard, Mhariri wa Kanda. "Hongera, umechaguliwa." Hakuniuliza nimesoma wapi. Hakuniita kwenye usaili. Leo ningeshtuka. Siku ile nilipanda mlima na kapu tupu nikaona njia fupi.

Kazi ya kwanza aliniambia niandike juu ya kahawa. Nikaandika kurasa nne. Akajibu, "Safi sana, endelea." Hakufuta neno, hakuuliza swali. Baadaye sana, nikiwa Tunduru, nilikaa chumba kimoja na jamaa aliyekuwa anaandikia gazeti kweli. Makala zake zilikuwa zinarudi zimekatwakatwa, na maswali pembeni, mpaka anatukana. Nikaelewa kwamba mhariri asiyekosoa kitu hajasoma.

Kazi ya pili ndiyo yenyewe.

Bwana Richard alitaka makala juu ya nyumba za Desemba. Kwa asiyejua: kwetu mtu akipata riziki Dar au Arusha au nje, anajenga kwenye kihamba cha baba yake, shamba la nyumbani. Nyumba kubwa, vigae, makochi bado yana nailoni. Anakuja Krismasi na familia, wanakaa wiki mbili, kijiji kinajaa magari. Januari wanaondoka, nyumba inafungwa mpaka mwaka mwingine. Ufunguo anabaki nao mama, au shangazi, mtu mzima wa nyumbani.

Aliandika, "Eleza kila nyumba ni ya nani, mwenyewe yuko wapi, anarudi lini, ndani kuna nini, nani anatunza ufunguo na anauweka wapi. Wasomaji wanapenda mambo madogo madogo. Usimwambie mtu, wenzako wasikuibie habari."

Mgeni asingeweza kupata hayo hata kwa mwaka mzima. Mimi nilimaliza kwa siku sita.

Nilipita na daftari kwenye ukungu, geti kwa geti, nyumba kumi na moja. Kila mahali nakaribishwa, kwa sababu mimi ni Elia, baba yangu wanamjua, nimebatizwa mbele yao. Wananipa maziwa. Wananionyesha friji iliyofunikwa kitambaa. Wanacheka wakinionyesha ufunguo unapolala: nyuma ya picha ya harusi, ndani ya debe la magadi. Nilikuwa na furaha ambayo sijaipata tena. Nilidhani hivi ndivyo kazi ile ilivyo, watu kukufungulia.

Nyumba ya kwanza, kwa Bibi Ndelilio, niliituma ile wiki kama mfano. Bibi huyu alikuwa mjane wa jirani yetu, anaishi peke yake kwenye nyumba yake ya zamani, na mwanawe Elisa wa Dar kamjengea kubwa pembeni ambayo alikataa kuhamia. Zile nyingine kumi nikabaki nazo nizipambe.

Jioni nikamsomea mama. Alikuwa anamenya ndizi za mtori, mikono myeusi kwa utomvu.

"Soma tena hapo kwa Bibi Ndelilio," akasema.

Nikasoma.

"Kafanya nini?"

"Kafanya nini kivipi?"

"Habari si mtu kafanya jambo? Huyu bibi yako hajafanya kitu. Kakaa tu, na ufunguo wake uko kwenye kibuyu cha maziwa."

"Mama, hii ni makala."

"Sawa, mwandishi. Basi muulize bosi wako gazeti lake linauzwa wapi, nami ninunue."

Akaendelea kumenya. Nilichukia, wakuu. Niliona mama hana elimu. Siku ya soko nikashuka mapema ili tu nipate jibu la kumnyamazisha. Nikamwandikia Bwana Richard kwa heshima: gazeti linaitwaje, ofisi iko wapi, naweza kufika nichukue kitambulisho?

Nikasubiri nikitazama feni. Jibu likaja, likafunguka mstari kwa mstari.

"Gazeti ni jipya, utalijua karibuni. Tuma nyumba kumi zilizobaki leo. Kuhusu yule bibi: analala na nani? Mwanawe akitaka kumwambia jambo anapitia kwa nani?"

Zainabu alikuwa amesimama nyuma yangu na kikombe chake cha chai. Akasoma bila aibu.

"Huyo ni mhariri au mposaji?" akauliza. "Maana hata mposaji hutanguliza salamu."

Nilitaka kucheka. Niliisoma mara ya pili, nikamwona Bibi Ndelilio kwenye kigoda chake jikoni, na mtu nisiyemjua anamwangalia kupitia karatasi yangu.

Barua ile sikuijibu. Nilipanda mlima nikiwa na zile kurasa kumi kwenye shati, nzito kuliko ndizi nilizoshuka nazo. Nilipofika nikamwambia mama yote. Hakuniambia "si nilikwambia". Alinawa mikono, akavaa kitenge kizuri, akasema, "Kakate isale. Na usikate la mpakani, utaanzisha kesi nyingine."

Isale ni jani letu la kuombea msamaha, na ndilo hupandwa kuonyesha mipaka ya mashamba. Aliyeletewa isale hawezi kukukatalia, ndiyo maana halipelekwi kwa mzaha.

Tulimkuta Bibi anapukuchua mahindi. "Shikamoo Bibi." "Marahaba." Akaona jani mkononi mwa mama.

"Leo mmeniulia mbuzi yupi?" akauliza.

Nikasema mwenyewe. Nilisema nikiangalia mahindi. Nilipomaliza, Bibi akaweka gunzi chini. Kisha akanyoosha mkono akachukua isale, akalichomeka kwenye boriti.

"Kati yangu na wewe limekwisha," akasema. "Ufunguo nitajua pa kuuweka, na safari hii sikwambii. Lakini wenzangu kumi ulioandika siri zao?"

"Hao sijawatuma, Bibi."

"Umewaandika. Nao wanajua umewaandika. Kesho atakuja mwingine na daftari, watamfungulia kwa sababu walikufungulia wewe. Ulipita mwenyewe kuuliza. Pita mwenyewe kusema."

Nilimwangalia mama anitetee. Mama alikuwa anasaidia kupukuchua.

Nikapita. Mageti yale yale kumi. Ilinichukua siku mbili, na hizo ndizo siku ndefu kuliko zote za ujana wangu. Mzee mmoja alicheka mpaka akakohoa. "Ningejua ni hivyo," akasema, "ningekuonyesha ufunguo wa choo." Shangazi mmoja hakunipa kigoda. Mwingine aliingia ndani nikasikia anahamisha vitu. Kila mahali nilichana ukurasa wao mbele yao.

Wakati huo Elisa naye alikuwa amepigiwa simu Dar.

Baada ya wiki mbili hivi wakaja.

Ilikuwa siku ya msaragambo, kazi ya kijiji. Tulikuwa tunasafisha mfongo juu kidogo ya kihamba cha Bibi, wanaume kama ishirini, ndani ya ukungu hatuonekani. Pikapu ikapanda ikasimama kwake. Wakashuka wanaume wawili, nadhifu, mmoja kashika bahasha. Tulisikia kila neno.

"Shikamoo Bibi. Tumetumwa na mwanao kutoka Dar, tuchukue friji na televisheni kwa ajili ya matengenezo. Kasema utupe ufunguo ule wa kwenye kibuyu."

"Mwanangu yupi?"

"Elisa. Simba wako."

Wakuu, pale ndipo jembe liliponitoka mkononi. "Simba wangu" nilikuwa nimelitunga mimi. Bibi hajawahi kumwita hivyo. Niliandika kwenye makala kwamba humwita mwanawe simba, ili ipendeze.

"Simba?" Bibi akasema. "Elisa anaogopa hata jogoo wangu." Kisha akapaza sauti kuelekea juu, taratibu tu, kama anaomba moto: "Jamani, kuna wageni. Njooni muwasalimie."

Tulishuka na majembe yetu. Hakuna aliyemgusa mtu. Mzee yule wa ufunguo wa choo akawapa mkono, akawauliza ukoo wao. Waligeuza pikapu pale pale kwenye tope, wakaangusha mgomba mmoja, wakaondoka. Namba ya gari tukaipeleka polisi. Kama walikamatwa, sikuwahi kusikia.

Jumapili hiyo mwinjilisti aliniomba niandike tangazo la kuonya mitaa mingine. Nikaandika nusu ukurasa: nani alikuja, alisema nini, alijibiwa nini, gari lilielekea wapi. Sikupamba. Likasomwa baada ya ibada, kati ya tangazo la ndoa na la kwaya, bila jina langu. Nilishukuru, maana nilikuwa nimekaa mwisho kabisa, karibu na mlango, nikitaka kutoka kabla ya wengine.

Mwinjilisti akikunja karatasi, Bibi Ndelilio akasimama kwenye benchi la kina mama.

"Aliyeandika hilo ni Elia," akasema. "Yuko huko nyuma, msije mkasema hakuja."

Kanisa zima likageuka.

Sikuwahi kuwa mwandishi wa habari. Nimechimba, nimeuza viatu, nimezunguka nchi hii mpaka nimesahau baadhi ya mabasi. Lakini siku ile niliandika jambo likasomwa, na jina likatajwa.

Leo asubuhi nimemjibu mpwa wangu. Nimemwambia asitume cheti hata kivuli chake. Awaulize ofisi iko wapi na nani anamwajiri, kisha atulie aone kama watajibu hilo au watamjibu jingine. Na wakimpa kazi ya majaribio, amsomee mtu wa nyumbani kabla hajaituma. Mimi niliambiwa nisimwambie mtu, na hapo ndipo ningepaswa kusimama.

Mvua bado, wakuu. Kama kuna aliyewahi kutumwa kuandika habari na mtu asiyemwona, aje hapa aseme aliulizwa nini. Na kama kuna kijana anasoma huku ana tangazo kama hilo mkononi, aliweke hapa tulisome pamoja.