Gemu ya Nyumba ya Msimbati

Nilisikia kabla sijaona. Ta. Ta. Ta. Nikadhani ni mjusi darini. Haya yalinitokea mimi mwenyewe, chumbani kwangu Magomeni, Ijumaa mchana, wanaume wa mtaa wakiwa msikitini. Ukitaka kuniita mwongo, njoo kwanza uushike mkono wangu wa kulia.

Mlio ulitoka nje. Nikafungua mlango. Kijana mmoja alikuwa amesimama kizingitini, kompyuta kwapani, anabofya kipanya ambacho waya wake ulining'inia tu. Hakuwa amebisha hodi. Ningejiuliza kwa nini, lakini nani hujiuliza mambo hayo mchana kweupe?

Akasema anaitwa Bakari, wa Msimbati. Ametengeneza gemu ya kubofya vitu na kufumbua mafumbo, na amesikia kwamba katika kikundi chetu cha waandishi mimi ndiye mtu asiyesifia kitu kibovu. Nikacheka, nikamkaribisha. Kikundi chetu kina utaratibu wake: unaanza na kilicho kizuri, ndipo unaonyesha kasoro na dawa yake.

Gemu yenyewe ilikuwa chumba kimoja. Kinu na mchi, ndoo, kitanda, mlango uliofungwa. Konani mwanamke aitwaye Somoe. Mbele yake mumewe. Kazi ya mchezaji ni kumtoa Somoe akiwa hai. Nikasifu michoro, maana hata kutu ya bawaba ilionekana. Kisha nikabofya ndoo. Mume akanyanyua mchi, akampiga Somoe mkononi, na niamini, mfupa uliolia ulikuwa wangu. Kidole changu cha shahada kilipinda kama kijiti.

Nilipiga ukelele. Bakari hakushtuka.

"Cheza, dada," akasema. "Wote huwa wanaanzia na ndoo."

Nikajaribu kuondoa mkono, kipanya kiliung'ang'ania. Nikabofya kitanda. Mchi ukatua mdomoni mwa Somoe, nami nikatema jino.

Ndipo nikasikia, kutoka nje ya kile chumba cha kwenye kioo cha kompyuta, mtu akibisha. Hodi. Hodi. Hodi. Mume alikuwa amemziba Somoe mdomo kwa kiganja. Hakuna aliyeitikia. Nyayo zikaondoka. Sauti ile niliitambua, ilikuwa ya mtu aliyekaa kando yangu.

Nikamuuliza Bakari, huyu Somoe ni nani kwake.

"Dada yangu," akasema. "Nilibisha mara tatu, kimya. Nikarudi zangu. Si ndivyo tulivyofundishwa?"

Damu ilikuwa imenijaa mdomoni. Ningeweza kumwambia gemu ni nzuri, aniachie mkono, aende. Wewe ungefanyaje? Mimi nilimjibu kama ninavyowajibu wenzangu kikundini. Nilimwambia michoro ni mizuri, lakini amemweka mchezaji ndani, na ndani hakuna njia. Amweke nje, mlangoni. Na ampe kitu cha kubofya baada ya hodi ya tatu.

"Kitu gani?"

"Bega lake."

Akajishika bega. "Hata kama hajakaribishwa?"

"Hata kama."

Mkono wangu ukaachiwa. Akavuta kompyuta, akaandika mistari michache, akabofya. Mlango wa kwenye gemu ukapasuka, na bega lake likapasuka nao. Mchi ukamshukia. Paji la uso wake likafunguka mbele ya macho yangu, damu ikarukia hadi kwenye miswada yangu. Mbavu zikavunjika, nilizisikia moja moja. Jicho moja likafumba. Akaendelea kubofya.

Wiki iliyofuata nilikwenda Msimbati. Shangazi yake Bakari alinionyesha makaburi mawili. Moja la Somoe, jingine la Bakari, aliyeacha kula na kufariki siku ya arobaini ya dada yake, miezi mingi kabla ya Ijumaa ile. Hakuniuliza nimemjuaje. Aliutazama mkono wangu tu. Kidole hakijanyooka hadi leo, na kalamu naishika kwa kushoto.

Wewe unayenisikiliza, ukisikia kipigo nyuma ya mlango, bisha hodi zako tatu. Lakini usirudi nyumbani kwa sababu ya adabu.

Nimekubakizia mwisho wa mchana ule. Bakari alipoanguka, hakufika sakafuni. Kiti kilikuwa kitupu, kompyuta haipo. Kisha upindo wa khanga ukanigusa goti, nikasikia pumzi za mtu anayehema, na nyayo za damu, ndogo, za miguu mitupu, zikajichora sakafuni kuelekea nje. Mlango wangu ukafunguka, ukafungwa nyuma yake polepole, kama unavyofungwa na mtu aliyezoea kuogopa kelele.