Dada Alipopata Watu wa Kumwita Mama

Dada yangu alikuwa mpishi wa shughuli. Harusi, hitima, matanga, karibu Magomeni nzima hapa Kilosa ilimwita yeye, na akishika upawa mbele ya sufuria la pilau hakuna aliyethubutu kumwelekeza. Hakujaliwa mtoto. Waume wawili walimwacha kwa sababu hiyo, na wa pili alioa mwingine hata kabla eda ya dada haijaisha.

Mke mpya alipojifungua, ukoo wa yule bwana ulimwita dada akapike kwenye akika. Nilimsihi asiende.

"Kazi ni kazi, mdogo wangu," akasema.

Nikaenda naye kumsaidia kumenya vitunguu. Mchana aliingia ndani kumwona mtoto. Shangazi mmoja akamkumbatia mtoto kwa nguvu kifuani, akasema mbele ya watu, "Wewe mpishi, jikoni kunaungua." Hakukuwa na kitu kilichoungua. Dada akarudi, akapakua mpaka mgeni wa mwisho.

Baada ya hapo akaunganishwa kwenye kundi la simu la wanawake waliokuwa wakijifunza dini. Kila asubuhi sauti ya binti mmoja ilimwamkia: "Shikamoo, mama yangu. Umelala salama? Nimekuota." Dada aliirudia kuisikiliza sauti ile huku akitabasamu. Nilifurahi. Alianza kula vizuri, akaipaka nyumba chokaa. Mama yetu alisema Mungu amemkumbuka mwanawe.

Kisha dada akakataa kupika kwenye maulidi, akidai wanaoyasoma wamepotea. Baadaye akaacha kupokea maziwa ya jirani yetu Msukuma, mwanamke wa familia ya wafugaji, ambaye walikuwa wakitaniana naye kila siku pale mlangoni.

"Kafiri yule," aliniambia, kwa sauti ileile ya kuombea chumvi. "Siku yao inakuja."

Nilimwita imamu wa msikiti wetu. Alikaa naye alasiri nzima, akamweleza kwa upole kwamba dini haimruhusu mtu kumwaga damu ya jirani yake. Dada alimmiminia chai, akaitikia kila kitu. Wakati wa kuondoka imamu aliniambia, "Angebishana nami, ningepata pa kumshikia."

Asubuhi moja aliaga kwamba amepata harusi ya kupika Mikumi. Sufuria zake zote aliziacha. Nilipanda gari lililofuata, nikamkuta stendi ya Mikumi na begi moja, akisubiri basi la Songea, njia ya kuelekea mpakani.

"Dada, hao watu wa kwenye simu yako wanachinja watu."

"Hayo maneno ya serikali."

"Sasa wewe unakwenda kufanya nini huko?"

"Kuna yatima wameambiwa mama yao anakuja. Mama yao ni mimi." Aliniangalia bila hasira. "Wewe una wanao. Mimi nani amewahi kunisubiri, ila awe na njaa?"

"Mimi," nikasema.

Akanigusa shavu. "Najua."

Alisema hivyo kwa upendo, na nikaona haikumtosha. Nilimshika mkono. Nilifikiria kumwita askari aliyekuwa ng'ambo ya barabara, lakini nikamwona dada yangu kwenye pingu na mama akimtazama, vidole vikalegea. Basi likaja. Alipanda bila kugeuka.

Nilirudi Kilosa nikamweleza mama, na pamoja tukaenda polisi kutoa taarifa. Walituuliza mengi. Simu yake ilikuwa imeshazimwa. Miezi ikapita, ukaja ujumbe kutoka namba tusiyoijua: "Ni mimi dada yako. Nipo hai. Hao yatima sijaonyeshwa. Msinitafute." Nikapiga namba ile papo hapo, haikupatikana. Haijapatikana mpaka leo.

Sasa redio ikitaja vijiji vilivyochomwa huko ng'ambo ya mpaka, mimi hunyoosha mkono nipunguze sauti, na mama hunizuia.

"Iache, mwanangu. Labda watasema habari za wanawake."

Hawasemi. Nataka kumwombea dada dua, lakini sijui nimwombee kama mateka au kama mmoja wa hao wanaochoma. Tunakaa tu, mama na mimi, tukisikiliza, mpaka mtangazaji anapofika kwenye hali ya hewa.