Mafiga Ndani ya Ukuta wa Ghorofa

Usicheke kwanza. Haya niliyaona kwa macho yangu mwenyewe, sikuwa mlevi wala sikuwa na homa. Ukuta wenyewe upo Dodoma, nenda kauguse.

Enzi za Mdachi, reli ilipokwisha kufika, bwana mkubwa aliamuru ijengwe ofisi ya ghorofa. Wagogo walizoea tembe, nyumba fupi yenye paa bapa la udongo, wakaona kichekesho: mtu mwenye akili apande juu kwenda kuandika? Mimi nilikuja kutoka pwani kama fundi mwashi, na niamini, niliipenda kazi ile. Kuta nene chini, nyembamba juu, matao kwenye madirisha, baraza ya kupitisha upepo. Nilijivuna kupita kiasi.

Shida ilikuwa ukuta wa magharibi, kule juu. Tukiujenga leo, kesho una ufa. Tunabomoa, tunarudishia mawe yaleyale, ufa unarudi palepale. Bwana mkubwa akachoka. Ukipasuka tena, akasema, nitalazwa chini nipigwe hamsa ishirini mbele ya watu. Unavijua viboko vile? Niliogopa sana.

Jioni ile, tulipokwisha kuujenga upya, nilibaki peke yangu, nikaumwagia maji chokaa isikauke upesi, nikashuka. Nikasikia mtu akikohoa juu. Juu nani, na ngazi nimeilaza chini mwenyewe? Nikaisimamisha, nikapanda, nikachungulia. Bibi kizee wa Kigogo, kajifunga kaniki, kasimama katikati ya sakafu tuliyoipiga chokaa muda si mrefu. Chokaa mbichi, ndugu yangu! Na hapakuwa na alama hata moja ya mguu.

"Mbukwa, bibi," nikamwamkia kwa Kigogo.

"Mbukwa, mjukuu wangu. Nyumba yako nzuri. Ila mafiga yangu mmeyatia ukutani. Sasa mimi nipikie wapi?"

Akaonyesha palepale ufa unaporudia. Nikageuza macho kutazama, na nilipomrudia hakuwapo.

Nikakumbuka. Tulipochimba msingi tulikuta mahame ya tembe, na humo mawe matatu meusi kwa masizi. Wenyeji wasingeyagusa mafiga ya mtu. Sisi mafundi wa pwani tuliona mawe magumu tu, tukafurahi.

Nikawasha taa, nikayachomoa chokaa ikiwa bado laini. Nikayapanga nyuma ya ofisi, nikawasha moto katikati, nikaweka kibakuli cha unga wa uwele. Pengo sikuwa na jiwe la kuliziba, basi nikalifanya kidirisha.

Asubuhi ukuta mzima. Lakini kidirisha hakikuwa kwenye ramani, na bwana mkubwa alikiona mara moja. Akasogeza uso, upepo ukampuliza, akafumba macho kidogo. "Kizuri," akasema, akaenda zake.

Ukuta haukupasuka tena. Tangu hapo, kila jioni, kidirisha kile kinaingiza harufu ya ugali wa uwele, na nyuma ya ofisi hapana mtu anayepika. Makarani wanaona njaa, wanafunga kazi mapema, wanarudi kwa wake zao. Mimi nikipita pale moyo unatulia, nafurahi kama niliyekaribishwa.

Nawe unayejenga, nakuonya: ukifukua jiwe lenye masizi, usilitie ukutani. Bibi yule alikuwa mpole. Wa kwako humjui.