Matanga ya Mmarekani Kule Uccle

Mwaka wa 1996, nikiwa na miaka thelathini na mbili, ndipo shida ilipoanza. Vita vilinitoa Bukavu na mke na sufuria moja. Shule yangu ilikuwa imeisha zamani, mwaka wa tatu wa primaire, shule ya msingi. Hapa Bruxelles nilianza kwa kusafisha ofisi za wakubwa kule Schuman kabla hawajaamka, kisha nikauza mboga, sombe na lengalenga, barabarani, kisha nikapata duka katika Galerie d'Ixelles. Hakuna aliyenishika mkono. Nasema hivyo ili ujue mimi si mtu wa kudanganywa hovyo.

Na bado niliita watu kwenye matanga ya mtu aliyekufa kabla babu wa babu yangu hajazaliwa.

Acha nieleze. Lengalenga ya dukani sehemu yake nalima mwenyewe kule Uccle, kwenye viwanja vidogo ambavyo commune, serikali ya mtaa, inapangisha. Jirani yangu pale ni mzee Mbelgiji, mwalimu mstaafu, aliyefundisha Bukavu akiwa kijana, na Kiswahili chake hakijafa. Tunaitana papa. Yeye halimi chakula. Anapanda majani ya porini, kila jani na kibao chake cha jina.

"Papa," nilimwambia siku ya kwanza, "kwetu haya tunapatia mbuzi."

"Bon, leta mbuzi. Lakini akuwe anajua kusoma."

Tukawa marafiki. Na kila Jumamosi alinipa habari za rafiki yake wa Amerika. Rafiki huyo ni député, anakaa bungeni kwao, lakini moyo wake uko kwenye mimea. Anasimamisha farasi njiani kwa ajili ya ua moja, anafika kikaoni na matope hadi magotini, wenzake wanamcheka. Anakausha majani katikati ya karatasi nzito na kuwapelekea wataalamu wa Ulaya. Mambo hayo hakuyasomea, alijifundisha. Hapo nikampenda. Mtu aliyejifundisha ni ndugu yangu.

Utaniuliza: farasi hakukushtua? Hakunishtua. Binti yangu alishanionyesha kwenye simu kwamba Amerika kuna Wakristo wanaokataa magari mpaka leo. Na barua zake kukaa miezi baharini? Mimi nimetoka Zaire, posta ya kuchelewa naijua. Mke wa député alipopata homa, mke wangu alimweka kwenye maombi, kanisa zima likamwombea. Jumamosi iliyofuata papa akasema homa imeshuka. Tukatoa shukrani.

Halafu Jumamosi moja nikamkuta amekaa juu ya ndoo, koti halijafungwa, macho mekundu.

"Papa, iko nini?"

"Ashakufa," akasema. "Jana mangaribi. Miaka vingt-deux niko naye kila siku. Sasa nitakuwa naamkia nini?"

Miaka ishirini na miwili: sikuhitaji kuuliza ni nani. Nilijua pia kwamba mke wa papa alipozikwa, kabla hatujajuana, watu walikunywa kahawa, wakatazama saa, wakarudi makwao. Alinieleza mwenyewe. Kwetu mfiwa hakai peke yake, hata kama maiti iko ng'ambo. Nikamwambia, "Nenda nyumbani, papa. Kesho tunakuya." Akaitikia kwa kichwa. Nikadhani ameelewa.

Sasa lazima niseme mimi ni nani katika Matonge, mtaa wetu Wakongo hapa Bruxelles. Mimi ni président wa mutuelle, chama cha kusaidiana, ya watu wa Kivu. Kazi yetu ni moja: mtu akifiwa, tunafika na vyungu, chakula na nyimbo. Lakini hatukalii matanga ya mgeni mpaka mwanachama asimame na kuthibitisha marehemu ni mtu gani. Safari hii, jioni ileile, nilisimama mimi. Na uchaguzi ulikuwa mwezi uleule, na shemasi mmoja aliyesoma université alikuwa anakitaka kiti changu. Akaniuliza mbele ya wote:

"Président, huyo député unamujua kweli?"

"Namujua kuliko unavyojua baba mukwe wako."

Watu wakacheka. Shemasi hakucheka.

Jumapili baada ya ibada tukajaza camionnette yangu ya mizigo na magari matatu. Papa alifungua mlango akiwa na sandali na kikombe mkononi. Mamans, akina mama wetu, wakampita na vyungu huku wakiimba, wakasogeza meza, wakashusha godoro lake sebuleni na kumkalisha juu yake, kama mfiwa anavyokaa. Alinitazama. Nami nikamtazama. Alikuwa anatabasamu na kulia kwa wakati mmoja, nikashindwa kujua nifuate lipi.

Kwetu watu hawali kabla ya historique. Mtu wa karibu anasimama, anasema marehemu alizaliwa wapi, alifanya kazi gani, alioa wapi, aliugua nini. Shemasi ndiye aliyeiomba.

Papa akasimama kama yuko darasani. "Alizaliwa mu mille sept cent..."

Elfu moja mia saba na ngapi, mwisho wa mwaka huo sikuusikia, maana mtu aliangusha mwiko.

"Papa," shemasi akasema polepole, "unataka kusema mille neuf cent, mia tisa?"

"Non, non. Sept cent. Ni wakati ya président wao wa kwanza. Niko naandika kitabu ya maisha yake. Juzi ndiyo niliandika kifo."

Vijana wa nyuma wakaanza.

"Président, marehemu wako alichelewa kuzikwa!"

"Tumuombee visa!"

Masikio yalinichemka. Nilikiona kiti changu kinatoka mlangoni na shemasi amekikalia. Maneno ya kisomi sina, nikasema niliyokuwa nayo: "Mufiwa si huyu? Machozi si haya? Mwenye kutaka kwenda, abebe chungu yake. Iko moto, itamuunguza."

Hakuna aliyeondoka, ingawa nadhani wengine walibakizwa na kuku. Ndipo maman mkubwa wetu, yule anayeanzisha nyimbo, akamgeukia papa.

"Huyo député, siku zile, alikuwa na batumwa?"

"Mumoja. Baba mukwe alimuachia. Ndiye alikuwa anabeba kikapu na kupanda juu ya mawe kuchuna majani. Nyuma ya miaka mingi akamuacha huru."

"Jina yake?"

"Hakuandika."

"Lakini majina ya majani aliandika?"

"Yote, maman."

"Na weye, miaka vingt-deux, hukutafuta?"

"Nilitafuta. Anaandika tu 'kijana wangu'. Sikupata, nikaacha."

Akarudi kukaa kwenye godoro, na sasa tabasamu halikuwepo. Maman akatugeukia sisi. "Bon. Kama ni vile, kuko mwenye hajakaliwa matanga. Muimbe."

Tukaimba. Nusu ya watu, naona, walimlilia mtumwa. Wengine walimlilia mke wa papa. Wengine waliwalilia watu wao walioachwa msituni bila kaburi. Shemasi naye alilia, sijui alimlilia nani. Mimi nilijitahidi kumlilia mbeba kikapu, lakini kila nikifumba macho inakuja sura ya député na matope yake, mtu niliyempenda. Nilimkasirikia nikimlilia. Jambo hilo halijanikaa vizuri kichwani hadi leo.

Wiki iliyofuata nilimwuliza papa kiwanjani: "Muntu anaona mpaka manyoya ya jani, anakosaje kuona jina ya muntu yuko pembeni yake?"

"Sijui, papa. Nilifikiri namujua."

Kitabu amekifungua tena. Anasema sasa hajui kiishie wapi, wala kianze na nani. Nilitaka jibu kutoka kwa mtu aliyesoma, nikapata mwenzangu wa kutoelewa.

Uchaguzi ulifanyika, nikashinda kwa kura chache. Shemasi aliniambia baadaye kwamba yeye mwenyewe alinipigia mimi. Nilimwuliza kwa nini, akaeleza kwa Kifaransa kirefu, nikatoka bila kuipata sababu yenyewe.

Katika Galerie bado wananichokoza: "Papa, leo tunalia nani, Nuhu?" Nawajibu, "Hapana, bibi ya Nuhu. Yeye naye hawakuandika jina yake." Wanacheka.

Nilicho nacho leo ni hiki. Duka moja, langu, si la kupanga. Nyumba ya ghorofa mbili kule Anderlecht. Camionnette nyeupe, ya pili. Frigo mbili kubwa. Kiwanja Bukavu ambacho ndugu zangu wanakigombania. Kiti cha président, miaka mitatu mingine. Sehemu ya kaburi, imelipwa. Viti hamsini vya plastiki, vya kukalia matanga.