Sahani Zilizofungiwa Stoo

Mwaka ule korona ilipofunga shule, nilikuwa mwenyekiti wa wazazi katika shule moja ya msingi hapa Bulla Pesa. Alhamdulillahi, chakula cha mchana cha watoto hakikupotea. Kiligeuzwa vocha, na kwa vocha hizo kina mama walichukua unga, maharagwe na mafuta dukani. Mimi na mwalimu mmoja kijana, binti wa Meru, ndio tuliozigawa.

Sikuizoea shule ile bila watoto. Ubaoni ilibaki hesabu iliyoachwa katikati. Kina mama walisimama mbalimbali kwenye alama za chokaa, nyuso zimefunikwa. Wengi wao niliwasomesha madrasa, lakini siku ile niliyaona macho tu, na mengine sikuyajua.

Familia nyingi zilikuwa zimehama na mifugo, kwa hiyo amri ilikuwa moja: vocha ni ya mtoto aliyeko mjini, na mama aseme ana wangapi. Mama mmoja muuza maziwa akakataa.

"Una watoto wangapi hapa?" mwalimu alimwuliza.

"Wa Mungu."

"Hao wa Mungu ni wangapi?"

"Hesabu wako. Wangu niachie."

Mwalimu akanigeukia. "Maalim, huyu mama atanimaliza. Mimi hata sijapata wa kuhesabu."

Kina mama wakacheka. Kilikuwa kicheko kisicho na midomo, na kilikatika ghafla.

Mimi nilimwelewa yule mama. Kwetu wafugaji, watoto hawahesabiwi kwa mdomo, maana anayehesabu huyaonyesha mauti njia. Na mwaka ule redio ilitusomea hesabu ya wafu kila jioni. Ni kweli madrasa nilifundisha kwamba ajali, siku ya mtu kufa, iko mkononi mwa Allah, lakini sikuwa na moyo wa kumsomesha pale.

Nikamwambia, "Usitaje kitu. Ingia stoo, utoe sahani za wanao, nasi tutaona wenyewe."

Kila mtoto alikuwa na sahani yake ya bati, yenye alama ya rangi, na zote zilifungiwa humo tangu siku ya mwisho ya masomo. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu muda wote. Nilipofungua, vumbi lilikuwa limezifunika kama majivu. Mama akachagua bila kusita, akazipanga sakafuni. Tano. Nje, langoni, walisimama watoto wake wanne.

"Wa tano yuko wapi?" mwalimu akauliza.

"Binti huyo yuko Biliqo kwa nyanya yake. Barabara ilifungwa, simu haiingii."

"Basi ni vocha nne, mama."

"Nikichukua nne, nimesema huyo hayuko. Afadhali niende bure."

Akainama kuzikusanya sahani. Hapo ndipo nilipoiona ile ya tano, ya binti aliyeko Biliqo. Haikuwa na vumbi. Iling'aa, na kwenye ukingo wake palikuwa na tone la maji. Niliigusa, ilikuwa baridi. Paa halikuvuja, na mvua haikuwa imenyesha.

Mama aliitazama kwa muda. "Unaona, Maalim?" akasema polepole. "Amekula."

Mwalimu alirudi nyuma hadi mlangoni. Mimi nilisoma Ayatul Kursi kimoyomoyo. Mpaka leo sijui niliona nini, Allah ndiye ajuaye.

Wale wanne langoni hawakuwa na kosa, nao wangelala njaa. Kusema uongo nisingeweza. Mjukuu wangu alikuwa na vocha yake, na nyumbani kwetu unga bado ulikuwapo. Nikaiweka ile juu ya zile nne, nikampa mama zote bila kutaja idadi. Akazipokea kwa mikono miwili na kwenda na wanawe.

Jioni, baada ya magharibi, niliinua mikono nimwombee yule binti, nikakwama. Kuna dua ya aliye safarini, na kuna dua ya aliyetutangulia. Nilikaa juu ya mswala mpaka adhana ya isha ilipokaribia, kisha nikasoma ya safarini.