Utambi wa Sufi

Tahiri Mwinjuma ni fundi karabai, na ukitaka kumuudhi mwambie karabai zimepitwa na wakati. Atakwambia taa za sola wanazotumia wavuvi wa Maparoni siku hizi ni mchezo wa watoto, hazina pumzi, na kwamba karabai iliyopita mikononi mwake ilimwaga mwanga mpaka dagaa wakadhani kumekucha. Kisha atarudi kwenye jiko la mchina alilolipakata, kwa sababu ukweli ni kwamba karabai ya mwisho kufika kibandani kwake, pale sokoni Kibiti, ilifika kwa bahati mbaya. Mwenye karabai alikuwa anamtafuta mnunuzi wa vyuma chakavu.

Kwa hiyo anaishi kwa majiko ya mafuta ya taa. Anabadilisha tambi, anaziba matangi yanayovuja, na jambo moja hujisifia bila haya: chochote chenye utambi duniani hakina siri kwake. Sifa hiyo ndiyo iliyomponza.

Mambo yalianza mkewe, Waride, alipohama chumba. Hapakuwa na ugomvi. Tahiri alirudi kutoka swala ya Ijumaa akakuta shuka na khanga za mkewe zimehamia kwenye chumba cha binti yao Hanifa, aliyeolewa Chumbi. Kitandani ilibaki mito miwili, wa mume na wa mke, yote ya sufi iliyochumwa kwenye msufi wa uani kwa baba yake Waride, kule Ngorongo. Mzee yule alikuwa mvutaji wa msokoto asiye na mfano, na kifua ndicho kilichomwondoa. Tangu azikwe, Waride ameutunza mto wake mwenyewe kama wengine wanavyotunza dhahabu. Hapo ndipo Tahiri alipochanganyikiwa mara ya kwanza. Kama mke kahama kweli, mbona mto kauacha? Na kama hakuhama, yuko wapi?

Alimuuliza. Waride akamjibu kwamba anataka kulala, basi. Jibu hilo lilimwingia sikio moja likatokea la pili, kwani mtu aliyelala hapo miaka yote tangu arusi yake, leo usingizi kaupoteza wapi? Tahiri alitafakari siku kadhaa akaona mchawi ni sigara zake. Waride ni mwanamke wa udi; hufukiza nguo, hufukiza mashuka, na zamani aliwahi kumwambia mumewe kwamba ananuka chungu kilichoungulia wali. Tahiri akapiga moyo konde. Akaanza kutafuna karafuu, akaongeza msuwaki, akawa anavulia shati uani na kulianika upeponi. Nyumbani hakuvuta tena, alivutia kibandani tu. Waride aliona yote hayo, asirudi. Kikohozi chake cha siku nyingi peke yake hakikubadilika, lakini kikohozi hakina harufu, kwa hiyo Tahiri hakukihesabu.

Ndipo akaja Yassin, mtoto wa dada yake, auzaye vifaa vya simu Kariakoo. Alikuja kwenye hitima ya jamaa yao, na chakula kilipokwisha akaenda nyuma ya nyumba na kuanza kutoa wingu zito kinywani mpaka kuku wakahama kivuli. Tahiri alimfuata akidhani kuna kitu kinaungua. Harufu aliyoikuta ilikuwa tamu kama pipi. Yassin akamweleza kwamba ule ni mvuke wa sigara ya umeme, si moshi, na kwamba mtu akivuta hiyo hanuki sigara hata akumbatiwe. Yeye mwenyewe alikuwa na mpya, akamwachia mjomba wake ya zamani.

"Hii siyo ile ya kuvuta na kutupa, mjomba," alisema. "Hii unaisuka mwenyewe, waya na pamba. Ukiiweza hii, umeua."

Tahiri alisikia "unaisuka mwenyewe" na kifua kikamjaa. Hatimaye vijana wametengeneza kitu kinachohitaji fundi. Hakuuliza mengi, maana kumuuliza mtoto uliyemshikisha bisibisi kwa mara ya kwanza kunahitaji moyo, na Yassin alipanda basi alfajiri.

Kibandani alivitandaza vitu vyote juu ya gunia. Palikuwa na betri nene kama gunzi, yenye kitufe. Palikuwa na kikombe cha chuma, kidogo kama kizibo cha soda, ndani yake vinguzo viwili vyenye skrubu. Palikuwa na mfuniko wenye kibomba cha kuvutia, waya mwembamba uliovingirishwa, na chupa ya dawa ya kutoa mvuke, iliyochorwa tunda jekundu lenye vipele ambalo Tahiri hakuwahi kuliona sokoni. Alilolitafuta yeye ni mahali pa kutia moto. Kwa kila taa na kila jiko alilolijua, mafuta yako hapa, utambi uko pale, na wewe una kiberiti. Hapa pa kiberiti hapakuwapo. Alibonyeza kitufe, kitaa kikamkonyeza mara kadhaa, kikazimika. Akabonyeza tena, akakonyezwa tena.

Ikabidi ampigie Yassin. Alielekezwa kuuzungusha waya kwenye msumari mpaka uwe kama springi, aitie miguu yake chini ya skrubu za vinguzo, na asiuache uguse ukuta wa kikombe. Waya wa kwanza uligusa na kitaa kikakataa, naye akailaumu betri. Waya wa pili ulikaa vizuri, na alipobonyeza kitufe ukaiva ukawa mwekundu mbele ya macho yake. Tahiri alicheka peke yake mpaka Bi Semeni, muuza maandazi wa kibanda cha pili, akamuuliza kama kuna mtu kamlipa deni. Kumbe ni jiko la umeme la sisimizi! Sasa limebaki la utambi, na la utambi haambiwi na mtu.

Yassin alisema pamba. Pamba Tahiri hakuwa nayo, ila alikuwa na ujuzi. Miaka ile tambi zilipoadimika madukani, yeye alisokota sufi akaitia kwenye koroboi, na sufi ikayanywa mafuta ya taa kama mbuzi mwenye kiu. Basi adhuhuri akaenda nyumbani. Waride alikuwa kwa jirani, wanapepeta mchele wa arusi. Tahiri aliunusa kwanza mto wake mwenyewe, na hata pua yake iliyozoea ikakiri kwamba unanuka sigara. Hakutaka kuanza safari mpya kwa uchafu wa zamani. Kwa nia njema kabisa, nia ambayo Mola anaijua, akaufumua mto wa Waride nyuzi mbili pembeni.

Uzi ulikuwa mkongwe. Mshono ulifunguka wote kama mdomo, sufi ikatoka, upepo wa dirishani ukaipokea. Tahiri alikimbizana nayo chumba kizima, akarudisha aliyoweza kuishika, akaufunika mto kwa shuka na kuondoka na kiasi cha kidole gumba mfukoni.

Sufi ile ilikataa. Alidondosha dawa, matone yakakaa juu kama umande juu ya jani la jimbi. Aliisukuma kwa sindano, ikatoka upande wa pili ikiwa kavu vilevile. Aliongeza dawa, dawa ikatafuta njia yake, ikapita kwenye matundu ya pembeni ikamwagikia shati na mapaja. Alipovuta, alivuta moto mtupu. Koo lilimuungua, pakanuka manyoya ya kuku yaliyobabuliwa, naye akakohoa mpaka Bi Semeni akamletea maji. Alifungua, akatia sufi nyingine, akafunga, akavuta, akakohoa. Kufika alasiri chupa ilikuwa imebaki nusu, sehemu kubwa ikiwa shatini, na Tahiri hajui kosa ni la waya, la dawa, la mapafu yake au la Yassin. Ili kutuliza akili alikwenda nyuma ya kibanda akavuta sigara.

Nyumbani alimkuta Waride ameketi kizingitini mwa chumba chao, mto mapajani, sufi nyeupe imemganda kwenye nywele na miguuni. Akamwita asogee. Tahiri alisogea, na mkewe akamnusa bega, kisha kifua cha shati. Harufu ile Waride aliijua. Kila msichana anayepita sokoni siku hizi ameipaka, ni ya losheni.

"Ni nani?" aliuliza.

"Nani nani?"

"Aliyelalia mto wangu mpaka ukapasuka."

Tahiri alikuwa amejiandaa njia nzima kwa ugomvi wa mto. Kwa ugomvi wa mwanamke hakujiandaa hata kidogo. Alifungua kinywa ajitetee, kikatoka kikohozi, tena kikohozi kirefu cha kutwa nzima ya sufi iliyoungua. Waride aligeuza uso ukutani mpaka kikaisha. Mumewe akadhani anachukizwa na harufu, akazidi kuona haya, akamwaga vitu vyote sakafuni na kueleza kila kitu, kuanzia hitima na kuku waliohama kivuli mpaka mshono uliofunguka. Alieleza ovyo, la mwisho likatangulia la kwanza. Mkewe alimwacha amalize, kisha akamwambia avute amwone.

Alivuta, pakanuka manyoya. Waride akakichukua kifaa, akakifungua na kukitazama ndani kwa jua la dirishani.

"Hii sufi," alisema.

"Ndiyo, sufi. Hakuna kinachonywa kama sufi."

"Inanywa mafuta. Maji haishiki, Baba Hanifa. Sie Ngorongo tukiijaza kwenye maboya. Dawa yako hii mafuta?"

Tahiri aliipaka kidoleni. Ilikuwa inateleza kama mafuta, lakini alipochovya kidole kwenye kata ya maji ikaondoka yote. Akakiri kwamba hajui. Waride aliingia chumbani kwa Hanifa akatoka na bunda la pamba lililobaki tangu binti yao alipokuja kujifungulia nyumbani. Alichana kipande, akakisokota kwa vidole vyake vya kushonea mito, akakipenyeza kwenye waya. Tone la kwanza la dawa lilizama lisionekane. Tahiri alibonyeza kitufe, akavuta kwa hofu, na kinywani mwake likatoka wingu likawafunika wote wawili, tamu, nene, lisilo na sigara hata chembe.

Alifurahi kupita kiasi. Alivuta tena, akatoa wingu la pili kumwonyesha kwamba la kwanza halikuwa bahati, huku Waride akilipunga kwa ncha ya khanga.

"Umeona? Moshi hakuna, harufu kwishnei," alisema. "Sasa rudi chumbani."

Waride alimtazama kama mtu aliyejibiwa swali ambalo hakuuliza.

"Nani kakwambia nilihama kwa harufu?"

Ukweli ni kwamba hakuna aliyemwambia Tahiri. Alijiuliza mwenyewe, akajijibu mwenyewe, na jibu likamtosha.

"Baba yangu alianza hivihivi," Waride alisema. Sauti yake haikupanda. "Mie nilikuwa chumba cha pili, namsikia, mpaka siku moja sikumsikia. Weye ukikohoa naamka. Ukinyamaza ndiyo silali kabisa, nangoja nisikie kama unavuta pumzi. Nikakwambia nataka kulala, ukaenda kutafuna karafuu. Naogopa, Baba Hanifa. Hilo tu."

Kifaa kilikuwa bado na joto mkononi mwa Tahiri. Alikigeuzageuza. Kwa mara ya kwanza tangu akipate alikitazama kama mgonjwa, si kama fundi, na akaona hajui anashika nini. Akamuuliza mkewe kama mvuke huu nao ni mbaya kwa kifua au una nafuu. Waride akamjibu kwamba yeye hajui, na akamuuliza kama Yassin alisema lolote. Tahiri alirudia moyoni maneno yote ya mpwa wake. Alikuwa amesema habari ya harufu, habari ya waya, habari ya pamba. Kifua hakukitaja, na yeye hakumuuliza.

Waride aliokota sufi sakafuni, akaijaza mtoni, akatunga uzi na kuanza kushona. Tahiri alikaa mkekani. Kikohozi kilimjia, akajaribu kukimeza, kikamshinda. Na alipokuwa akikohoa aliinua macho, akaona sindano ya mkewe imesimama hewani. Haikwenda juu wala chini. Ilisubiri mpaka kikohozi kikaisha na Tahiri akavuta pumzi. Hapo ndipo sindano ilipoingia tena kwenye kitambaa. Moyo wa Tahiri ulimuuma kuliko koo. Miaka mingapi sindano ile imekuwa ikisimama, naye amempa mgongo?

"Kesho nitakwenda hospitali wanipime kifua," alisema.

"Kesho ya kweli au kesho ya fundi?"

Siku nyingine angenuna, maana wateja wa majiko humsema vivyo hivyo. Leo aliinamisha kichwa. "Ya kweli. Twende sote."

Waride alimaliza mshono, akakata uzi kwa meno, akaupiga mto makofi mawili ujae vizuri. Kisha akainuka nao. Tahiri alimfuata kwa macho aone mto unaingia mlango upi. Uliingia chumbani kwao. Waride aliuweka kitandani upande wa ukutani, mahali pake pa siku zote, akaunyoosha, akatoka mikono mitupu akielekea chumba cha Hanifa.

"Na weye?" Tahiri aliuliza.

"Mto haukuhama hata siku moja," alisema mkewe. "Mie nitaufuata ukishapimwa."